Mafuta ya Alizeti Yasichache: Nafasi ya Mimea katika Kuyalinda

Msimu wa kuvuna alizeti katika Kanda ya Kati huanza takriban mwezi Mei, na kuanzia hapo mashine za kukamulia hazilali. Kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kuelekea Singida, madumu ya mafuta yenye rangi ya dhahabu hupangwa mezani yakisubiri wasafiri. Mandhari hiyo hupendeza macho, na ni ushahidi wa jasho la wakulima. Hata hivyo, kwa mafuta yenyewe, meza iliyo juani ni mahali pabaya mno.

Wakamuaji wengi hawauzi mafuta yote wakati wa mavuno. Bei huwa chini mwezi Julai, na mwenye uwezo wa kusubiri huyahifadhi akitarajia bei nzuri ya mwanzo wa mwaka. Mkamuaji huyo ameweka mtaji wake ndani ya dumu. Mafuta yakichacha kabla ya kuuzwa, hapotezi faida peke yake. Hupoteza mbegu, gharama ya kukamua na imani ya mteja. Wapo wanaojaribu kuepuka hasara hiyo kwa kuchanganya mafuta ya zamani na mapya, au kwa kutumbukiza majani na viungo ndani ya dumu kwa matumaini kwamba vitayaokoa. Somo hili linaeleza jinsi mafuta yanavyoharibika, mimea ipi ina uwezo wa kweli wa kuyalinda, na mipaka ya uwezo huo.

Mafuta huharibikaje?

Mafuta ya kupikia huharibika kwa njia kuu mbili. Ya kwanza hutokana na maji. Unyevu uliobaki katika mbegu au ndani ya chombo, ukisaidiwa na vimeng'enya vya mbegu yenyewe, huyavunja mafuta na kuachia asidi. Ndiyo maana mbegu zilizovunwa mbichi, zilizonyeshewa au zilizoota ukungu hutoa mafuta yenye ukali tangu siku ya kwanza.

Njia ya pili hutokana na hewa, nayo ndiyo inayohusika zaidi na somo hili. Oksijeni iliyomo hewani hushambulia asidi za mafuta na kuzigeuza kuwa peroksidi. Peroksidi hazina harufu, kwa hiyo mwanzoni mafuta huonekana salama ilhali uharibifu umekwisha kuanza. Baadaye huvunjika na kutoa vitu vyenye harufu ya rangi ya kupaka au ya mbegu zilizozeeka, na ladha inayokwaruza koo. Mafuta yakifika hapo, husemwa kuwa yamechacha.

Mwendo wa uharibifu huo unafanana na moto wa nyika. Chembe moja ya mafuta iliyoguswa huwa haitulii. Hunyakua kitu kutoka kwa chembe jirani, nayo jirani hufanya hivyo kwa inayofuata. Kwa sababu hiyo, mafuta hukaa kwa wiki kadhaa bila dalili, kisha huharibika kwa kasi katika muda mfupi. Joto, mwanga, na mabaki ya shaba au kutu ya chuma huchochea moto huo.

Mafuta hayatofautiani kwa jina na bei tu. Yanatofautiana pia kwa uwezo wa kustahimili hewa. Zaidi ya nusu ya asidi za mafuta ya alizeti ya kawaida huwa ni asidi ya linoleiki, ambayo hushambuliwa na oksijeni kwa kasi ya takriban mara kumi kuliko asidi ya oleiki iliyojaa katika mafuta ya zeituni. Mawese, yanayotoka kwa wingi Kigoma, yana karibu nusu ya asidi zisizoshambuliwa kwa urahisi, ndiyo maana huvumilia zaidi. Mkamuaji wa alizeti, kwa hiyo, anashughulikia bidhaa nyepesi kuharibika, na uangalizi wake unapaswa kuwa mkubwa zaidi.

Walinzi waliomo ndani ya mbegu

Mimea haikuacha mbegu zake bila ulinzi. Ndani yake mna viambato vinavyokatiza mwendo wa uharibifu ulioelezwa hapo juu. Wataalamu huviita antioksidanti. Kiambato hicho huipa chembe isiyotulia kile inachokitafuta, na kwa kufanya hivyo huizuia isimshambulie jirani. Lakini mlinzi huyo hutumika na kwisha. Kila chembe anayoituliza humpunguza. Siku walinzi wote wanapokwisha, ndiyo siku mafuta yanapoanza kuharibika kwa kasi.

Mlinzi mkuu wa mafuta ya alizeti ni vitamini E. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaonesha kuwa mafuta hayo huwa na takriban miligramu 400 hadi 900 za aina kuu ya vitamini hiyo katika kila kilo. Hii ni hazina ambayo mkulima amekwisha kuilipia kwa jembe lake, na kazi ya kwanza ya mkamuaji ni kutoiharibu. Mafuta yakichemshwa kupita kiasi ili kukausha maji, au yakiachwa juani, vitamini E hutumika kabla hata mnunuzi hajafika.

Hali ni hiyo hiyo kwa vitamini A, ambayo kanuni za nchi zinataka iongezwe katika mafuta ya kula viwandani kwa ajili ya afya ya jamii. Vitamini A huharibiwa na mwanga na peroksidi. Mafuta yaliyochacha hayawezi kumfikishia mtoto faida iliyokusudiwa.

Mimea inayoweza kusaidia

Ufuta. Mafuta ya ufuta yanajulikana kwa kudumu muda mrefu, ingawa nayo yana asidi ya linoleiki nyingi. Siri yake ni viambato viitwavyo sesamini, sesamolini na sesamoli. Ufuta unapokaangwa kabla ya kukamuliwa, sehemu ya sesamolini hugeuka kuwa sesamoli, ambayo ni mlinzi mwenye nguvu zaidi. Kuchanganya kiasi cha mafuta ya ufuta katika mafuta ya alizeti ni njia rahisi kwa mkamuaji mdogo, kwa sababu mafuta huyeyuka ndani ya mafuta na hakuna maji yanayoingizwa. Ufuta hulimwa kwa wingi Lindi na Mtwara, na pia katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Kati.

Karafuu. Zao hili la Unguja na Pemba lina yujeno, kiambato kinachochukua sehemu kubwa ya mafuta yake yenye harufu. Yujeno ni antioksidanti na huyeyuka katika mafuta. Kasoro yake ni harufu kali, inayofaa pilau lakini isiyompendeza kila mnunuzi, na ambayo inaweza kuficha dalili za kuchacha.

Rosemari. Mwaka 1952 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima aina 32 za viungo katika mafuta ya nguruwe, na rosemari pamoja na seji zikaongoza kwa uwezo wa kuzuia kuchacha. Leo dondoo ya rosemari inatumika katika viwanda vya vyakula, na katika Umoja wa Ulaya inatambulika kwa namba E 392. Kiambato chake kikuu, asidi ya kanosiki, huyeyuka katika mafuta na huvumilia joto kuliko vitu vingi vya aina yake.

Majani ya chai. Chai ya kijani ina antioksidanti nyingi, lakini nyingi kati ya hizo huyeyuka katika maji na si katika mafuta. Mfano huu unafundisha jambo la msingi: mmea unaweza kuwa na sifa kubwa katika kikombe na usiwe na msaada ndani ya dumu.

Viwanda vikubwa hutumia pia antioksidanti za maabara, ambazo viwango vya Codex vinazibana zisizidi miligramu 200 katika kilo moja ya mafuta. Kipimo hicho kidogo kinaonesha kwamba kazi hii huhitaji usahihi. Hata kwa viambato vya asili, kuongeza zaidi si kulinda zaidi. Vitamini E yenyewe, ikizidishwa sana, inaweza kuchochea uharibifu badala ya kuuzuia.

Kwa nini majani mabichi hayafai ndani ya dumu?

Baadhi ya watu hudhani kuwa kwa kuwa mmea fulani una antioksidanti, basi kutumbukiza majani yake mabichi ndani ya mafuta kunatosha. Desturi hiyo ina madhara matatu.

Kwanza, majani mabichi yana maji, na maji ndiyo mlango wa njia ya kwanza ya uharibifu. Pili, rangi ya kijani ya majani hupenya katika mafuta. Gizani rangi hiyo haina neno, lakini mwanga ukiifikia huuamsha uchangamfu wa oksijeni na kuyaharibu mafuta kwa kasi kubwa kuliko kama majani yasingewekwa. Tatu, na ni zito zaidi, ni usalama wa mlaji. Vitunguu saumu vibichi na majani yenye unyevu, vikizamishwa katika mafuta na kuachwa bila ubaridi, huwa mahali pasipo hewa panapoweza kustawisha bakteria wa sumu ya botulizimu. Mwaka 1985 watu kadhaa waliugua mjini Vancouver, Kanada, baada ya kula vitunguu saumu vilivyohifadhiwa kwa namna hiyo. Sumu hiyo haina harufu wala haibadilishi rangi ya mafuta.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi kukumbuka: kinachoingia ndani ya mafuta kiwe kikavu kabisa, safi, na chenye kuyeyuka katika mafuta. Kisichotimiza masharti hayo kibaki jikoni.

Hatua za mkamuaji

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa mafuta hakuna tiba kabisa. Antioksidanti hazirejeshi mafuta yaliyochacha katika hali yake. Huchelewesha tu yale ambayo bado ni mazima. Kwa msingi huo, hatua zifuatazo hutangulia mmea wowote.

1. Mbegu zikaushwe vizuri na kusafishwa kabla ya kukamuliwa. Mbegu kavu, nzima, iliyo ndani ya ganda lake huhifadhika vizuri kuliko mafuta. Anayesubiri bei, na mwenye ghala kavu, ni heri ahifadhi mbegu na kukamua kidogo kidogo kadiri ya soko.

2. Mafuta yaachwe yatulie, kisha yachujwe. Mashapo hubeba maji na mabaki ya mbegu yanayoendeleza uharibifu chini ya chombo.

3. Vifaa vya shaba visiguse mafuta, na mapipa yenye kutu yasitumike. Codex inaruhusu shaba isiyozidi miligramu 0.4 katika kilo moja ya mafuta yasiyosafishwa kiwandani. Ni kiasi kisichoonekana kwa macho, lakini kinatosha kuleta athari. Chuma kisichoshika kutu kinafaa zaidi.

4. Chombo kioshwe, kikaushwe na kujazwa karibu na mdomo. Dumu la lita 20 lililojaa nusu lina lita 10 za hewa, na ndani ya hewa hiyo mna takriban lita 2 za oksijeni. Mafuta yakipungua, yahamishiwe katika chombo kidogo zaidi. Madumu yaliyowahi kubeba viuatilifu au vilainishi vya mitambo yasitumike kamwe, hata yakioshwa mara nyingi.

5. Mafuta yahifadhiwe gizani na penye ubaridi. Muuzaji wa barabarani aweke mezani chupa moja ya maonyesho, na akiba yote ibaki kivulini ikiwa imefunikwa. Chupa ya maonyesho isiuzwe baada ya kukaa juani kwa siku nyingi.

6. Mafuta ya zamani yasichanganywe na mapya. Ya zamani yana peroksidi, nazo hufanya kazi kama hamira katika unga: kidogo huchachua kingi.

Baada ya hatua hizo ndipo mmea hupata nafasi yake. Mkamuaji anayetaka kuchanganya mafuta ya ufuta na ya alizeti afanye hivyo siku ya kuchuja, mafuta yakiwa mapya, na aandike kwenye lebo kuwa ni mchanganyiko. Ufuta unaweza kuwadhuru watu wenye mzio nao, hivyo mnunuzi ana haki ya kujua. Aidha, Codex hairuhusu kiongezwa chochote katika mafuta yanayouzwa kama yaliyokamuliwa bila joto. Anayeweka dondoo ya mmea katika mafuta hana budi kuacha kutumia maneno hayo katika lebo yake.

Jaribio la chupa tatu

Vikundi vya wakamuaji vinaweza kujifunza kwa macho na pua zao wenyewe. Zichukuliwe chupa tatu za kioo zinazofanana, safi na kavu. Chupa ya kwanza na ya pili zijazwe mafuta mapya ya alizeti kutoka dumu moja. Ya tatu ijazwe mafuta hayo hayo sehemu tisa na mafuta mapya ya ufuta sehemu moja. Zote zifungwe na kuandikwa tarehe. Chupa ya kwanza iwekwe dirishani penye jua. Ya pili na ya tatu zikae kabatini.

Kila wiki, kijiko kimoja kutoka kila chupa kimiminwe katika kikombe safi, kipashwe kwa joto la viganja na kunuswa na watu watatu ambao hawajaambiwa kipi ni kipi. Matokeo yaandikwe. Kikundi kitaona chupa ya dirishani ikitangulia kuharibika, na kitaweza kulinganisha zile mbili za kabatini kadiri miezi inavyopita. Maabara hufanya jambo linalofanana na hili kwa haraka zaidi, kwa kuweka mafuta katika tanuri la nyuzi joto 60 hivi na kupima peroksidi. Kipimo cha Codex kwa mafuta yaliyosafishwa kiwandani hakizidi milikwivalenti 10 kwa kilo, na kwa yasiyosafishwa hakizidi 15.

Kwa mama lishe na wakaanga chipsi

Mafuta ya kukaangia hupata adhabu zote kwa pamoja: joto la nyuzi 170 hadi 180, hewa, maji yatokayo katika viazi au samaki, na chumvi. Katika hali hiyo walinzi wa asili hutumika upesi, na wale wenye harufu, kama yujeno ya karafuu, huruka pamoja na mvuke. Haifai kutegemea viungo ili kurefusha umri wa karai.

Yanayosaidia ni haya: chakula kikaushwe kabla ya kutumbukizwa, chumvi itiwe baada ya kukaanga, moto upunguzwe wateja wanapopungua, mafuta yachujwe kila siku na kufunikwa yakiisha kupoa. Mafuta yanayotoa povu lisilotulia, yaliyokuwa meusi na mazito, au yanayofuka moshi mapema kuliko kawaida, yamefika mwisho. Kuyaongezea mapya juu yake ni kuyapoteza hayo mapya.

Mafuta yaliyochacha yafanyiwe nini?

Hasara inaweza kupunguzwa bila kumdhuru mlaji. Mafuta yaliyochacha yanafaa kutengenezea sabuni, na kikundi cha watengeneza sabuni kinaweza kuyanunua kwa bei ndogo. Yasimwagwe katika mitaro. Wala yasichanganywe katika chakula cha kuku kwa kudhani kuwa mnyama hadhuriki: mafuta ya namna hiyo huharibu vitamini E katika chakula, na vifaranga wakiikosa hupata maradhi ya ubongo, wakayumba na kufa.

Mahali pa kupata huduma

Ushauri kuhusu ukaushaji na uhifadhi wa mbegu hutolewa na maafisa ugani wa vijiji na kata. Maafisa afya husimamia usafi wa sehemu za kukamulia na za kupikia. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na ndilo mlango unaotumiwa na wajasiriamali wadogo kuelekea Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 linasimamia pia usalama wa chakula. Mkamuaji anayetaka kuongeza dondoo yoyote ya mmea katika mafuta ya kuuza aulize huko kwanza, kabla ya kununua dondoo na kabla ya kuchapa lebo.

Alizeti huja na vitamini E yake kutoka shambani. Ufuta, karafuu na rosemari zinaweza kuiongezea nguvu, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya mbegu kavu, chombo kisafi na kivuli. Mkamuaji akishika hayo matatu mwezi Julai, atakuwa na mafuta ya kuuza mwezi Januari.